Paka Aliyetibiwa kwa Hasira

Sikumpenda shangazi yangu, wala yeye hakunipenda mimi, na siku tulipomzika sikutoa hata chozi moja. Nilikaa jamvini na wanawake wenzangu, leso kichwani, nikisikiliza wakimsifu. Mmoja akasema marehemu alikuwa na mkono wa uponyaji. Mwingine akadakia kwamba hata wanyama walimjua kwa huruma. Hapo nusura nicheke mbele za watu, kwa sababu nilimwona shangazi akimtibu mnyama mmoja tu maishani mwake, na mnyama huyo alimchukia mpaka alipokufa. Hakumtibu kwa huruma. Alimtibu kwa hasira. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeiwasha hasira hiyo, acha nieleze mambo yalivyokuwa.

Shangazi Rukia alikuwa ndugu ya baba, kwa baba na kwa mama. Alikuja kwetu Kisauni baada ya kuachwa na mumewe, wakati mimi nina miaka tisa. Aliletwa na pikapu ya kukodi, na nyuma ya pikapu mlikuwa na masanduku mawili, godoro lililokunjwa likafungwa kamba, na cherehani ya miguu ambayo hakumruhusu mtu yeyote kuishika ila yeye. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja walilala baba na mama na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya chupa. Cha pili kilikuwa changu, mimi na paka wangu Shaba. Kabla ya adhuhuri ya siku ile kilikuwa cha shangazi, na mimi nikawa mtu wa kutandikiwa mkeka sebuleni.

Hakuna aliyeniuliza. Mama alinikunjia nguo zangu kimya kimya akaziweka kwenye boksi la sabuni, na nilipomtazama akakwepa macho yangu. Baba alisema, "Shangazi yako ni mgeni," na mgeni huyo akakaa miezi minane.

Shaba hakuelewa habari za wageni. Alikuwa paka mkubwa, rangi yake kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa, na kila alasiri aliingia chumbani kwa dirisha lile lile na kulala kitanda kile kile. Shangazi alikuwa akishona magauni ya maharusi, vitambaa vyeupe vya watu, na nywele za paka zilimtia wazimu. Akimkuta kitandani humkamata kwa ngozi ya shingo na kumtupa uani. Siku moja alimkuta amejinyoosha juu ya shela ya mtu. Alitoka naye ameninginia mkononi, akanijia nilipokuwa nikiosha vyombo.

"Mpige marufuku paka wako," akaniambia. "Akiingia tena chumbani mwangu, wallahi, nitammwagia maji moto."

"Si chumba chako," nikamjibu.

Hakunipiga, hakuwa mtu wa kupiga. Alisema tu, "Ulimi wako ni kisu kidogo, mwanangu. Na kisu kidogo hakichagui wa kumkata." Kisha akamwachia Shaba, naye akaanguka kwa miguu minne kama kawaida ya paka, akakimbilia nyuma ya tangi la maji.

Wiki haijaisha, Shaba akapotea. Alipotea siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu nikamkuta amejikunyata nyuma ya tangi lile lile, macho nusu wazi. Karibu na mzizi wa mkia manyoya yalikuwa yametoka, na mahali pake palikuwa na ngozi iliyopasuka, nyekundu, inayong'aa kwa majimaji, ikinuka kama samaki aliyesahauliwa juani. Nilikuwa nimemwona mtoto wa jirani aliyeunguzwa na uji. Ngozi yake ilikuwa hivyo hivyo. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Nilimbeba mpaka sebuleni, ambako shangazi alikuwa akimpima bibi harusi mmoja mbele ya mama yake na shangazi zake, wanawake wanne wa kuheshimika kutoka mtaa wa pili. Nikasimama katikati yao na kupiga kelele.

"Shangazi amemchoma Shaba! Alisema atammwagia maji moto na amemmwagia! Mtazameni!"

Shangazi alikuwa na pini tano au sita kati ya midomo yake. Alizitoa moja moja, akizichomeka kwenye kijimto chake cha pini, na chumba kizima kilimngoja amalize.

"Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe ulisema!"

"Nilisema. Sikufanya."

Mama alikuwa ametoka jikoni, mtoto begani. Aliinama akakitazama kidonda, kisha akainua macho akamtazama wifi yake, asinene neno. Wale wageni wakaanza kukusanya mabuibui yao. Mmoja aliguna, "Mnyama naye ni kiumbe cha Mungu," na bibi harusi akavuliwa lile gauni lililojaa pini kana kwamba lina ugonjwa. Hawakurudi tena. Gauni lilimaliziwa na fundi mwingine.

Walipokwisha toka, shangazi alivaa buibui lake. Alichukua kapu la sokoni, akamtia Shaba ndani, akalifunga mdomo kwa leso kuukuu.

"Vaa viatu," akaniambia.

"Naenda wapi?"

"Unaenda kusikia kwa masikio yako mwenyewe."

Tulikwenda Kongowea, kwenye duka la dawa za mifugo lililokuwa kando ya soko, mahali ambapo wenye ng'ombe na kuku walinunua chanjo na chakula. Nyuma ya duka palikuwa na daktari wa mifugo, kijana kutoka bara aliyevaa gambuti. Njia nzima Shaba alilia ndani ya kapu kwa sauti nene iliyofanya wachukuzi wa mikokoteni wageuke.

Daktari alimlaza mezani, akaminya pembeni ya kidonda, na usaha wa manjano ukachuruzika. Mimi nikafumba macho.

"Hii si moto, mama," akasema. "Hii ameumwa na paka ingine. Jino liliingia ndani, ikafanya jipu, sasa jipu limepasuka."

"Sema tena," shangazi akamwambia. "Msemeshe huyu mtoto. Mtazame usoni umwambie."

Daktari alicheka kidogo, akaniinamia. "Ni paka amemuuma, kasichana. Hakuna mtu amemchoma."

Nilimsikia. Lakini nilikwisha kata shauri, na mtoto aliyekata shauri ni kama hakimu mlevi. Nilimwona shangazi akimsogelea daktari na kumnong'oneza jambo, na daktari akatikisa kichwa kukubali. Leo najua alikuwa akiuliza bei ya dawa, maana aliona haya kuuliza kwa sauti. Siku ile niliamini wamekula njama. Nikatoka nje kwa hasira, nikaenda kuchungulia vifaranga waliokuwa wanauzwa ndani ya boksi lenye balbu, na huko ndiko nilikokuwa wakati daktari akieleza masharti ya dawa. Sikusikia hata neno. Nimeyajua masharti yale baadaye, na nimeyajua kwa uchungu.

Masharti yalikuwa haya. Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, kwa siku kumi. Apewe chakula kwanza, maana dawa ile ikikuta tumbo tupu humtapisha. Baada ya kidonge anyweshwe maji kwa bomba la sindano, kwa sababu kidonge kikikwama kooni humchoma. Akitokwa na povu ni uchungu wa dawa, si sumu. Anaweza kuharisha kidogo na kupoteza hamu ya kula. Apewe chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi. Dawa isikatishwe hata akionekana amepona. Na maziwa ni mwiko kabisa, kwa sababu maziwa huizuia dawa isifanye kazi, na tumbo la paka mkubwa haliyawezi.

Nilichokiona mimi kilikuwa kingine. Asubuhi ya kwanza shangazi alimviringisha Shaba kwa leso mpaka kikabaki kichwa tu, akamkalisha kati ya magoti yake, akamfungua kinywa kwa vidole viwili na kumtumbukizia kile kidonge. Kisha akamminyia maji. Shaba akajinyonganyonga, akatema, na mara povu jeupe likaanza kumtoka pande zote mbili za mdomo, refu, likidondoka kifuani. Nilijua maana ya povu. Mtaani kwetu mbwa waliolishwa sumu walikufa na povu.

"Unamuua!" nikalia.

"Mshike miguu badala ya kulia," shangazi akasema. "Mpumbavu wewe na paka wako."

Sikumshika. Alimtibu peke yake, na mikono yake ikajaa mikwaruzo mpaka kwenye viwiko. Siku ya pili Shaba alitapika juu ya kitambaa cha satini kilichokuwa kimekatwa tayari. Shangazi akakiosha, akakianika, akalitazama doa lake juani, halafu akakitupa. Kuanzia siku hiyo alibadilisha utaratibu. Alichemsha samaki changu mdogo bila chumvi wala pilipili, akaponda nyama yake na wali uliorojeka, akamlisha vijiko viwili, akangoja, ndipo akampa dawa. Kutapika kukapungua. Mimi niliuona utaratibu huo nikaona ni hila tu: anaificha sumu kwa samaki.

Na alikuwa akimtukana muda wote. Hilo lazima niliseme, maana wale wanawake wa jamvini wangeweza kudhani alikuwa akimbembeleza. "Hayawani we, kula," alikuwa akimwambia. "Kula, mwana haramu, usije ukanifia mikononi watu wakapata la kusema." Alimwekea beseni la mchanga uani, na kila asubuhi alichuchumaa akachunguza choo chake kwa kijiti, amekunja uso. Nilimtazama kutoka mlangoni, nikafikiri anahesabu siku zilizobaki.

Tena alimnyima maziwa. Shaba alizoea kupata kisahani cha maziwa kila siku kutoka mkononi mwangu. Siku ya kwanza nilipomimina, shangazi alikipiga teke kisahani, maziwa yakatapakaa sakafuni.

"Hapana maziwa! Umesikia? Hata tone!"

Hakunieleza sababu. Angenieleza, nisingemwamini, lakini hakunieleza. Alikuwa mtu anayetoa amri na kuondoka. Mimi nikaelewa kwa akili yangu: paka wangu ana sumu tumboni, na maziwa huvunja sumu, kila mtu anajua hilo, ndiyo maana anamnyima. Basi ni juu yangu kumwokoa.

Kila alasiri, shangazi alipoingia kuswali na mama amelala na mtoto, nilikwenda jikoni, nikafunua sufuria ya maziwa ya mdogo wangu, nikateka kikombe kimoja. Shaba alikuwa akinisubiri nyuma ya tangi. Aliyanywa yote, akaramba kikombe mpaka pembeni, na mimi nikamkalia nikimpapasa kichwa, nikijiona mtu mkubwa. Kwa mara ya kwanza tangu pikapu ile ije, nilikuwa na kitu changu ambacho shangazi hakuweza kukichukua.

Shaba akaanza kuharisha maji. Alikuwa hawahi hata kulifikia beseni. Mgongo wake ukatokeza mifupa, na kidonda kilichokuwa kimeanza kukauka kikalowana upya. Kadiri alivyodhoofika ndivyo nilivyomwongezea maziwa. Siku moja aliingia chumbani kwa shangazi akaharisha juu ya msala, na shangazi ametandika tayari kwa swala ya alasiri. Nilisikia kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake.

Mama alitoka chumbani amefura. Siku zile zote walikuwa wakisalimiana kwa midomo ya juu tu, na sasa yakamwagika.

"Wifi, mwache huyu paka afe kwa amani yake. Nyumba nzima inanuka."

"Hafi," shangazi akasema, msala umekunjwa mkononi. "Akifa mtasema nimemuua."

"Kama hukumfanya kitu, unahangaikia nini?"

"Nahangaikia jina langu! Mwanao ameniharibia jina mbele ya wateja, na wewe ulisimama pale mlangoni ukanitazama kama mchawi. Ulikuwa na ulimi siku ile, wifi? Au ulikuwa umeumeza?"

Mama akarudi chumbani akafunga mlango. Shangazi akachukua kapu.

Kwa hiyo tukarudi Kongowea, siku ya tano ya dawa. Safari hii nilibaki ndani, karibu na meza, kwa sababu niliogopa wangemdunga Shaba amalizike. Daktari alimpima, akamvuta ngozi ya shingo kuona kama amekaukiwa maji, akauliza maswali. Anakula? Anakula. Anatapika? Ameacha. Dawa anapewa baada ya chakula? Baada ya chakula, na maji juu yake. Daktari akakuna kidevu.

"Na mnampatia maziwa?"

"Wallahi, hata tone halijapita mdomoni mwake," shangazi akasema.

"Kwa sababu hii kuhara, mama, na hii kidonda kukataa kufunga, ni kama dawa haifanyi kazi kabisa. Maziwa ndiyo hufanya hivyo. Inashika dawa tumboni, inatoka nayo. Ni kama hujampa kitu. Nilikuambia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa polepole, lilinishukia lote kwa pamoja. Lile povu halikuwa sumu. Yule samaki hakuwa hila. Mikwaruzo yote ile mikononi mwa shangazi ilikuwa kazi, na kazi hiyo niliimwaga mimi kila alasiri, kikombe kwa kikombe. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Daktari akanigeukia, bila ubaya wowote.

"Ama ni wewe umekuwa ukimpatia maziwa, kasichana?"

Nilikuwa na nafasi. Ingetosha neno moja, ndiyo, na pengine ningechapwa, pengine hata kuchapwa nisingechapwa. Nilimtazama shangazi, naye alikuwa akinitazama. Nikafikiri habari za kitanda changu.

"Si mimi," nikasema. "Labda shangazi."

Daktari akashusha macho akaanza kupanga vyombo vyake. Alitupatia vidonge vipya, akasema tuanze upya, siku saba, akasema maneno hayo akiutazama ukuta. Shangazi hakujitetea. Alimtia Shaba kapuni, akafunga leso, na njiani alitembea mbele yangu kwa hatua ndefu, asigeuke kuona kama namfuata.

Nilipofika nyumbani nilipitia mlango wa uani nikamwahi mama jikoni. Nilimwambia daktari amesema shangazi anampa Shaba maziwa kusudi dawa isifanye kazi. Sikuyaota maneno hayo. Niliyatunga, nikayapanga vizuri tangu Kongowea. Mama alikuwa akikoroga uji wa mtoto. Aliacha kukoroga, akanitazama sana, kisha akauliza, "Daktari kasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi," akasema, akaendelea kukoroga.

Ijumaa, baada ya baba kurudi msikitini na kula, aliniambia nitoke nje na mtoto. Nilisimama chini ya dirisha, mdogo wangu kiunoni. Nilimsikia baba akisema kwa sauti ya upole, ile sauti yake ya kumwambia mtu jambo baya, kwamba nyumba ni ndogo, kwamba hapana amani, kwamba Likoni kuna binamu yao mwenye chumba cha kupangisha. Nilimsikia shangazi akiongea kwa muda, maneno sikuyapata. Halafu baba akasema jambo fupi. Kisha shangazi akasema kwa sauti ya juu, kana kwamba alijua niko dirishani:

"Nipe siku saba. Dawa ina siku saba. Sitoki nyumba hii na paka mgonjwa nyuma yangu."

Siku saba hizo alijifungia na Shaba chumbani, funguo shingoni mwake. Alifunga hata dirisha, katika joto lile la Kisauni ambalo hata mijusi hutafuta kivuli. Hakula nasi. Alipika samaki wake mwenyewe wa kuwatosha wao wawili, na beseni la mchanga alilitoa na kuliingiza yeye. Nililala sebuleni nikisikia cherehani, na cherehani ikinyamaza nilisikia matusi. "Meza, ibilisi. Meza. Mara hii huna mwenzako wa kukuharibia." Nilizisikia kucha za Shaba zikikwaruza mlango upande wa ndani. Alikuwa akitaka kutoka. Mara mbili tatu nililala chini nikaingiza vidole chini ya mlango, naye akavigusa kwa pua, halafu nikasikia nyayo za shangazi nikavitoa.

Ningeweza kusema wakati wowote katika siku zile. Watu hudhani mtoto husahau au haelewi uzito. Nilielewa. Kila asubuhi niliamka nikijiambia nitasema leo, na kila asubuhi nilikitazama kile chumba nikahesabu siku zilizobaki kiwe changu.

Siku ya nane mlango ulifunguliwa. Shangazi alitoka na Shaba mikononi, akamweka katikati ya sebule mbele ya baba na mama. Kidonda kilikuwa kimefunga. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi, na manyoya mafupi yameanza kuchomoza. Amenenepa. Macho yake yalikuwa safi.

"Paka wenu huyo," akasema. "Mzima."

Shaba alipoachiwa hakumtazama hata mara moja. Alichomoka kama aliyefyatuliwa, akapita katikati ya miguu yangu, akatokomea uani. Hakusahau vile vidonge. Miaka yote iliyofuata, shangazi alipokuja Iddi kutusalimu, Shaba alisikia sauti yake tu akatoweka mpaka siku ya pili. Mtu aliyemponya ndiye aliyekuwa adui yake. Mimi niliyekaribia kumuua kwa mapenzi nilikuwa rafiki.

Masanduku, godoro na cherehani vikapakiwa. Mimi nikarudishiwa chumba. Shaba akaingia kwa dirisha alasiri ile ile, akajinyoosha kitandani, na mimi nikamshusha. Sikuweza kulala naye tena. Alikuwa akinipandia kifuani, akinguruma kwa raha, na kila alipofanya hivyo nilihisi kama anadaiwa na mtu mwingine.

Shangazi aliishi Likoni miaka ishirini na zaidi katika chumba kimoja, akishona sare za shule. Hakuolewa tena. Nilikwenda kumwambia ukweli nikiwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, baba ameshafariki. Nilijitayarishia maneno kivukoni. Alinikaribisha, akanimiminia chai ya rangi, akaketi nyuma ya cherehani yake kama aliyekuwa tayari kuendelea na kazi. Nikamwambia yote: kikombe, tangi la maji, na yale niliyoyatunga njiani kutoka Kongowea.

"Nilijua," akasema. "Nilijua pale pale mezani kwa daktari."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nilimwambia. Siku ile ile ya Ijumaa. Akanijibu mtoto hasemi uongo." Alikata uzi kwa meno. "Ndugu yangu wa tumbo moja. Mtoto hasemi uongo."

"Nisamehe, shangazi."

Nilisubiri. Wazee wetu, ukiwaomba msamaha, husema wameshasamehe tangu zamani. Nilikuwa nimelitegemea hilo, nadhani, kama mtu anavyotegemea kurudishiwa salamu. Yeye alinyoosha kitambaa chini ya sindano.

"Maliza chai yako uende," akasema. "Jua linazama na mimi nina kazi."

Nikamaliza. Nikaenda. Hatukulizungumza tena, na sasa amekufa nalo.

Siku ya hitma, wageni walipokwisha tawanyika, nilibaki jikoni na mama tukiosha masinia. Mama amezeeka, huosha ameketi kwenye kibao, polepole, akikisugua kila kitu mara mbili. Maneno ya wale wanawake yalikuwa bado yamenikaa kooni. Nikamwambia, "Mama, yale maziwa ya Shaba. Nilikuwa nikimpa mimi."

Hakuinua kichwa.

"Maziwa yalikuwa ya mdogo wako," akasema. "Mimi ndiye niliyeyachemsha na kuyafunika. Unadhani sikuona yanapungua?"

Mikono yangu ikasimama majini.

"Uliona?"

"Kila siku kikombe. Na wifi nilimsikia alipokataza." Alilitazama sinia alilokuwa akilisugua, akaligeuza upande wa pili. "Ndiyo nikawa naongeza."